Kabla ya Kubadilisha Pistoni



Juma hili hatutaandika juu ya sherehe wala juu ya michango. Tutaandika juu ya mashine, na juu ya kosa tulilolitenda sisi wenyewe, paroko wenu, mbele ya macho ya watu wengi wa Mgwashi. Baadhi yenu mnaifahamu nusu ya habari hii. Nusu ile inayotushitaki sisi wengi wenu hamjaisikia. Na kwa kuwa nusu ya kwanza tuliisema hadharani, haifai nusu ya pili tuinong'one sakristia.

Mnaikumbuka chenso ya parokia, yaani ule msumeno wa mnyororo unaotunzwa stoo nyuma ya nyumba ya mapadre. Ni mashine ya zamani, nzito, tuliyoirithi kwa waliotutangulia, na imekwisha kupasua mbao za madawati, milango na kenchi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Hapa kwetu milimani Usambara mashine ya namna hiyo si anasa. Wazee wetu wanakumbuka kazi ya kupasua kwa msumeno wa watu wawili, mmoja akisimama juu ya gogo na mwenzake akiwa shimoni, macho na mapafu yakijaa unga wa mbao. Gogo ambalo wao walilimaliza kwa siku kadhaa, chenso hulimaliza kwa muda mfupi. Kwa hiyo ikifa, hawaathiriki wenye mali tu. Huathirika yule anayeishika, na wale wanaokula kwa jasho lake.

Mwaka jana, baada ya masika, waamini wa kigango chetu kimoja walitoa miti yao wenyewe, mikaratusi na misonobari, ili tupate kenchi na papi za paa la kanisa lao. Kibali cha kuvuna kikapatikana. Kazi akapewa kijana ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyeishika mashine ile. Jina lake hatulitaji, maana limekwisha kutajwa vya kutosha. Ni mtoto wa mjane, na ujira wake wa kupasua mbao ndio uliokuwa ukiwanunulia wadogo zake madaftari na sare za shule.

Siku ya tatu ya kazi, mwezi Agosti, mashine ikazimika katikati ya gogo. Kamba ya kuwashia ikawa haivutiki hata kidogo. Kijana akaibeba begani hadi parokiani, akaiweka barazani, akasema, "Imenoki, Baba."

Sisi tulikuwa tunaziwaza mvua za vuli. Mbao zilizopasuliwa zilikuwa bado mbichi, na kuta za kanisa zilikuwa wazi juu. Basi tukafanya kile ambacho mwenye haraka hukifanya: tukatafuta kilichoharibika, hatukutafuta kilichoharibu. Fundi mmoja akaifungua injini, akatuonyesha pistoni iliyochubuka vibaya na ringi zilizokwama. Jibu lilionekana wazi. Tukatoa fedha katika mfuko wa kigango, tukaagiza kutoka Tanga pistoni mpya na ringi zake. Silinda ikasafishwa, vyuma vikafungwa, mashine ikawaka kwa mvuto wa tatu. Tulifurahi, hata tukawashukuru wafadhili katika matangazo ya Jumapili.

Ilifanya kazi siku mbili. Siku ya pili jioni ilikamata tena, na pistoni mpya ilipotolewa ilikuwa imechubuka kama ile ya kwanza.

Hapa inafaa tueleze kidogo jinsi injini ya namna hii inavyoishi, kwa faida ya wale ambao hawajawahi kuifungua. Injini ya gari ina oili yake chini, na oili hiyo huzungushwa ili vyuma visisagane. Injini ya chenso haina hazina ya oili ya namna hiyo. Oili yake yote imo ndani ya petroli. Mwendeshaji huchanganya kwa kipimo: kwa oili nzuri za kisasa sehemu 1 ya oili kwa 50 za petroli, yaani mililita 100 katika lita 5, kwa oili nyingine sehemu 1 kwa 25, yaani mililita 200 katika lita 5. Mchanganyiko huo ukiingia, petroli huungua, na oili hubaki ikilainisha pistoni, ringi na beringi. Anayetia petroli tupu anaiua mashine kwa muda mfupi sana, na kifo hicho kila mpasuaji anakijua.

Basi sisi, ambao tulijua hilo moja tu, tukafikiri kwamba tunajua yote. Tukamwita kijana mbele ya kamati ya kigango. Tulimwuliza kama alichanganya oili. Akajibu, "Baba, nilichanganya. Kipimo ni kile kile cha siku zote." Nasi tukamwuliza kwa sauti ambayo hata leo tunaisikia masikioni: "Kama ulichanganya, imekuwaje pistoni mbili zife mikononi mwako?" Wajumbe wakatikisa vichwa. Swali lilionekana kuwa la hekima. Kumbe halikuwa swali. Lilikuwa hukumu iliyovaa nguo ya swali.

Ikaamuliwa alipe nusu ya gharama ya pistoni, kidogo kidogo, na arudishe ufunguo wa stoo. Hakubisha. Aliuweka ufunguo mezani, na kando yake akaweka tupa ya kunolea mnyororo, ambayo alikuwa ameinunua kwa fedha yake mwenyewe. Kisha akaaga kwa heshima, akaondoka. Tangu siku hiyo hatukumwona kanisani kwa Jumapili kumi na moja. Mama yake alikuja kila mara, akaketi nyuma, na baada ya Misa alituamkia bila kuinua macho.

Mwezi Novemba, mvua zikiwa zimekwisha kuanza na mbao zikiwa zimefunikwa kwa maturubai, tuliambiwa kwamba huko Soni yuko mzee mmoja, Mwislamu, ambaye ujanani alifanya kazi katika viwanda vya mbao. Tulisafiri asubuhi tukiwa na mashine ndani ya kiroba, na mfukoni pistoni ya tatu, iliyonunuliwa tayari. Tazameni jinsi mtu asivyojifunza: tulikuwa tumekwisha kulipia jibu kabla ya kuuliza.

Mzee alitukaribisha kwa ukunjufu, akaagiza chai, akaitazama ile pistoni ya tatu, akaturudishia.

"Hii iweke kwanza, Padre. Zimekufa ngapi?"

"Mbili, Mzee."

"Basi pistoni siye mgonjwa. Pistoni ni maiti. Tumtafute aliyeua."

Hakushika spana. Alianza kwa kuuliza. Kabla haijazimika ilikuwa inaliaje? Ilikuwa ngumu kuwaka ikiwa ya moto, au ikiwa ya baridi? Ilikuwa ikikosa nguvu kwenye gogo? Moshi wake ulikuwaje? Hatukuweza kujibu hata moja.

"Aliyekuwa anaishika yuko wapi?"

Tukasema hakuja.

"Mashine husema na anayeishika, Padre. Haisemi na mwenye mali."

Hapo ndipo kumbukumbu ilipotuchoma. Yapata majuma mawili kabla ya kuharibika mara ya kwanza, kijana yule alifika ofisini jioni. Sisi tulikuwa tunaandika. Akasimama mlangoni akasema, "Baba, mashine inapandisha yenyewe. Nikiachia mafuta haishuki." Nasi bila kuinua kichwa tukamjibu, "Kaza skrubu ya sailensa, mwanangu," tukaendelea kuandika. Sailensa, kama mjuavyo, ndilo neno la mafundi kwa ule mwendo wa chini wa injini isiyofanya kazi.

Tulimsimulia mzee hayo. Alikaa kimya kidogo. "Alikwambia?" "Alituambia." Hakuongeza neno. Chenso inayopandisha yenyewe na kukataa kushuka mara nyingi inavuta hewa mahali isipotakiwa kuvuta. Kila fundi wa kweli angetaka kusikia sentensi ile. Tuliisikia, hatukuipokea.

Hata hivyo mzee hakurukia jibu. Alisema maneno ya kijana yamemwonyesha pa kutafuta, lakini hayajamwambia kwamba amepata. Alifuata utaratibu, na tunauandika hapa kwa kuwa wengi wenu mna chenso, pampu za maji na mashine za kunyunyizia dawa zenye injini ya aina hii.

Kwanza mafuta. Ndani ya kiroba tulikuwa tumebeba na chupa ya mafuta yaliyobaki. Hatukuibeba kwa hekima, ilikuwa imefungwa pamoja na mashine tangu Agosti. Mzee aliomba karatasi. Tulikuwa na karatasi ya matangazo ya Jumapili iliyopita. Akadondosha matone mawili juu yake, akaiweka kivulini penye upepo. Petroli huruka yote; ikiwa na oili, oili hubaki. Tulipomaliza kikombe cha chai, karatasi ilikuwa na madoa mawili ya mafuta, mang'avu, ukiyainua kwenye mwanga unaona upande wa pili. Tone la petroli tupu lingeacha karatasi kavu. Kijana alichanganya. Ushahidi ulikuwa umekaa stoo ya parokia muda wote huo, ndani ya chupa, hatua chache kutoka meza tuliyomhukumia.

Pili akatoa plagi, akaitazama ncha yake. Injini yenye afya huacha rangi ya kahawia hafifu. Hii ilikuwa nyeupe, kama chungu kilichochomwa mno; dalili ya moto mkali, hewa nyingi na mafuta machache. Tatu akaangalia chujio la hewa. Vumbi likipenya hapo hula pistoni upande wa kabureta, polepole, na kuacha uso uliofifia. Haikuwa hivyo. Nne akakagua chujio la petroli ndani ya tangi, mpira unaopeleka mafuta, na tundu dogo la kuingiza hewa katika tangi, maana tundu hilo likiziba petroli haitoki vizuri, na injini hukosa mafuta na kuungua vilevile. Vyote vilikuwa vizima. Akafungua kabureta, akaona utando wake bado laini na vitundu viko wazi.

Tano akafungua ekzosi na kutazama ndani kwa tochi. Alituonyesha jambo ambalo fundi wa kwanza aliliona lakini hakulisoma. Pistoni ilikuwa imechubuka upande wa ekzosi zaidi kuliko pande nyingine. Injini iliyonyimwa oili kabisa huchubuka pande zote, na chini kwenye krenki hukuta pamekauka. Hapa chini palikuwa na unyevu wa oili. Upande wa ekzosi ndio wa moto kuliko yote. Upande wa pili hupozwa na mchanganyiko mpya unaoingia. Mchanganyiko ukizidi hewa, moto hupanda, pistoni huvimba kuliko silinda, utando mwembamba wa oili hukatika, na chuma hugusa chuma. Mzee alisema, "Oili ilikuwamo. Ilishindwa."

Mwisho akatafuta tundu. Aliziba njia ya ekzosi kwa kipande cha mpira wa tairi la ndani la baiskeli, akafunga kibamba mahali pa kabureta, akaingiza hewa taratibu kwa pampu ya mkono, kiasi cha nusu tu ya kanieneo ya hewa ya kawaida, maana ukizidisha unaweza kuziharibu sili zenyewe. Kisha akapaka maji ya sabuni kila kiungo. Injini nzima huishika hewa hiyo bila kuipoteza. Hii haikuishika. Nyuma ya gurudumu la sumaku, mahali krenki inapotokea nje, mapovu madogo yalianza kuchipua, moja baada ya jingine, bila sauti. Akarudia kwa kunyonya hewa kwa bomba kubwa la sindano ya ng'ombe, kwa sababu injini hii huvuta na kusukuma, na sili yaweza kuzuia upande mmoja na kuruhusu mwingine. Ilivuja huku na huku.

Sili ilipotolewa ilikuwa imekauka na kukakamaa kwa uzee. Hewa ilikuwa ikiingia hapo bila kupitia kabureta, nayo hewa ya namna hiyo haiji na petroli wala oili. Pistoni ya kwanza iliuawa na mlango huo mdogo. Ya pili tuliitia humo ikiwa mpya, mlango ukiwa bado wazi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulijenga ukuta, tukauacha ufa.

Tulidhani kazi imekwisha, tukauliza bei ya sili. Mzee akaishika krenki kwa vidole, akaisukuma juu na chini. Ikacheza.

"Sababu nayo ina sababu yake, Padre. Beringi imelika. Sili ukiiweka peke yake, krenki itaila tena."

Kisha akauliza swali ambalo hatukulipenda. "Mashine hii huwa mnaikodisha?"

Tulikuwa tukiikodisha. Daftari la kukodisha liko kwa mwandiko wetu. Wakati wa kiangazi iliteremka Mombo kwa majuma mengi, mikononi mwa watu wengine, ili parokia ipate chochote. Mzee alitueleza jambo ambalo watu wa milimani tunapaswa kulijua. Lushoto mjini ni meta 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Mombo, pale barabara kuu ya Tanga inapopita, ni kama meta 400 tu. Huku juu hewa ni nyepesi. Kule chini ni nzito. Kabureta iliyopimwa huku ikipelekwa kule bila kurekebishwa, injini huvuta hewa nyingi zaidi kwa petroli ile ile, na joto hupanda. Hakusema kwamba Mombo ndiko kulikoiua. Alisema tu kwamba beringi iliyozeeka haipewi mzigo wa namna hiyo, siku baada ya siku, kisha akalaumiwa aliyeikuta inakata roho.

Tukiwa njiani kurudi Mgwashi, karatasi yenye madoa mawili ikiwa mfukoni, tulikumbuka jambo lililowahi kutokea katika hospitali zetu. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa waliolazwa na kutibiwa kama wenye malaria kali, chini ya nusu ndio waliokutwa na vijidudu vya malaria katika damu. Wengine walikuwa na homa za asili nyingine, na baadhi yao walikosa dawa waliyoihitaji kwa sababu jina la ugonjwa lilikuwa limekwisha kutolewa. Wauguzi wale hawakuwa wabaya. Walijua kwamba malaria huua, na walitaka kuokoa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaelekeza kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na leo hata zahanati za vijijini zina kipimo kile cha tone la damu. Hatari ya jibu tunalolijua vizuri ni kwamba hutuzuia kuuliza. Kwetu sisi "hakuchanganya oili" ilikuwa malaria yetu.

Tulifikiri pia juu ya wale wanafunzi wa Bwana waliomwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakataka kujua kwanza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Walimtafuta mkosaji mbele ya mtu aliyehitaji kuona. Tumeihubiri Injili hiyo mara nyingi, tukiwashangaa wanafunzi.

Ndugu zetu, katika kiti cha maungamo sisi huwaambieni msitaje tu tendo, bali mtafute na mzizi wake: anayeungama hasira kila mwezi aangalie hasira hiyo inaingilia mlango gani. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini tulipofika kwenye fedha ya kigango na aibu ya kuharibikiwa mara mbili, tuliyasahau. Tulihitaji mtu wa kubeba lawama upesi kuliko tulivyohitaji kujua. Na mnyonge huwa karibu siku zote: kijana asiye na baba, mwenye mikono yenye mafuta, aliyekuwa wa mwisho kuishika mashine.

Jioni ile ile tulikwenda nyumbani kwao. Mama yake alitutolea kigoda, akaingia ndani. Kijana alikuwa anachambua maharage uani, akainuka kutuamkia. Tulimwambia, "Mwanangu, tumekukosea," tukamwonyesha ile karatasi, tukamweleza habari ya sili na beringi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba, mimi nilikwambia inapandisha."

"Ulituambia."

"Basi."

Hakusema zaidi, nasi hatukustahili zaidi. Alikuwa amekwisha kulipa mara mbili katika lile deni. Tulimrudishia, na fedha hiyo hatukuitoa katika mfuko wa kigango wala wa parokia, kwa sababu si kigango kilichokosa. Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, tuliyasema haya mbele ya waamini na kamati ile ile, mahali pale pale. Aliyeshitakiwa mbele ya watu husafishwa mbele ya watu. Kumwomba radhi uani pekee kungekuwa kuiba mara ya pili. Leo tunayaandika kwa ajili ya wale waliosikia shitaka na hawakuwapo siku ya kulifuta.

Mashine ilichukua majuma mengine matatu. Zilibadilishwa sili zote mbili na beringi zote mbili, mpira wa kabureta ukakaguliwa, na injini ikapimwa tena kwa pampu na sabuni ikiwa imefungwa, kabla ya kuwashwa. Hapo ndipo ile pistoni ya tatu ilipotoka mfukoni. Ilikuwa ya lazima tangu mwanzo, lakini zamu yake ilikuwa ya mwisho. Silinda, kwa rehema za Mungu, ilifaa: kilichoganda humo kilikuwa alumini ya pistoni, na ngozi ngumu ya silinda yenyewe chini yake ilikuwa haijakatika.

Tulimtumia kijana salamu kwamba mashine iko tayari na kwamba halazimiki. Alikuja siku ya nne. Tulikuwa tumeitunza tupa yake. Akaipokea, akaitia mfukoni. Akaining'iniza mashine kwa mpini wa kamba, kama wapasuaji wafanyavyo, ikashuka kwa uzito wake polepole, kwa kusitasita, dalili kwamba injini inashikilia mgandamizo wake. Akachanganya mafuta mbele yetu, ingawa hatukumwomba, na jambo hilo lilituuma. Akaiwasha. Akavuta mafuta, akaachia, akainamisha sikio.

"Imeshuka," akasema.

Paa la kanisa lilikamilika Februari badala ya Oktoba. Baadhi ya mbao zilikuwa zimepinda kwa mvua, zikatupwa. Tulipoteza pistoni moja, miezi minne, na kitu katika macho ya mama mmoja ambacho hatujui kama kimerudi chote. Kijana anakuja Misa. Anakaa nyuma.

Wapendwa, mwenye mashine iliyokufa asianze dukani. Aanze kwa kumwuliza aliyeishika, na amsikilize bila kalamu mkononi. Atazame mafuta, plagi, chujio, kabureta na ekzosi, vitu visivyogharimu ila subira. Aisome pistoni, imechubuka upande gani. Aipime injini kama inavuja. Na akipata sababu, aulize sababu ya sababu hiyo, hata kama njia ya swali inarudi mlangoni pake. Tuliporudi kwetu tulikuta daftari la kukodisha.

Na mwenye mtu aliyeharibika mikononi mwake, awe mtoto, mume, mke au mfanyakazi, afanye vivyo hivyo kabla ya kuita kamati.

Karatasi yenye madoa mawili tumeibandika ukutani ofisini, juu ya meza ya kuandikia. Akija mtu na kusimama mlangoni, tunaweka kalamu chini.

Tuwaombee wapasuaji wetu usalama msimu huu, na tuonane Jumapili.

Wenu katika Kristo,
Paroko